Nikisubiri nafungwa, nikiwahi napelekwa sokoni: ubongo wa kipa kwenye penalti

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 19, nadaka timu ya mtaa hapa Morogoro. Tatizo langu ni penalti. Kocha ananiambia nisubiri mpira upigwe ndipo niruke. Nikisubiri, nauona kabisa unakoelekea lakini mwili hauondoki, nafungwa. Nikiwahi, mpigaji ananipeleka sokoni, na nikiwa hewani nauona mpira unapita upande wa pili na siwezi kugeuka. Je, ubongo wangu ni mzito? Na kuna dawa au vitamini ya kuongeza kasi ya ubongo? Wenzangu wanasema ipo.

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Nianze na lile linalokuumiza zaidi: ubongo wako si mzito. Kipa yeyote, awe wa ndondo au wa Kombe la Dunia, akingoja mpira uguswe ndipo aanze kutafuta upande wa kurukia, penalti kali iliyoelekezwa pembeni itampita. Kocha wako ameshika nusu ya ukweli, na wewe unayewahi umeshika nusu ya pili. Katikati yake kuna upenyo mfupi wa muda, na huo ndio ninaotaka uufahamu.

Tupige hesabu kwanza. Kutoka alama ya penalti hadi mstari wa goli ni mita 11. Goli lina upana wa mita 7.32, kwa hiyo wewe uliyesimama katikati uko mita 3.66 kutoka kila mlingoti. Mpira uliopigwa kwa kasi ya kilomita 90 kwa saa unakula mita 25 kila sekunde. Kwa mshazari hadi kwenye mlingoti ni kama mita 11.6, maana yake unafika kwa sekunde 0.46 hivi. Sasa jihesabu na wewe. Tangu mwanga uingie jichoni hadi mwili uanze kusogea, kijana mwenye afya hutumia takribani sekunde 0.2, na hapo ni pale anapojua mapema atakachofanya. Akiwa na mambo mawili ya kuchagua, muda unaongezeka. Halafu kuna kuruka kwenyewe: kusukuma ardhi, kujinyoosha, kufikisha vidole karibu na mlingoti. Hilo huchukua zaidi ya nusu sekunde hata kwa makipa wazuri. Jumla inapita sekunde 0.7, na mpira unatumia 0.46. Unadaiwa robo sekunde.

Kwa nini basi hiyo 0.2 isipunguzwe? Zamani wasomi wengi waliamini kwamba ishara ya neva ina kasi isiyopimika. Johannes Müller, mwanafiziolojia mkubwa wa Ujerumani, alikuwa mmoja wao. Aliyekuja kuipima ni mwanafunzi wake mwenyewe, Hermann von Helmholtz. Mwaka 1850, akiwa Königsberg, alichukua neva ya chura ikiwa bado imeshikamana na msuli wake, akaishtua kwa umeme mahali pa karibu na msuli, kisha mahali pa mbali, na kupima tofauti ya muda kabla msuli haujajikunja. Akapata kasi ya kama mita 27 kwa sekunde. Ni polepole kuliko sauti inavyosafiri hewani mara kumi na zaidi. Neva zetu za kuendesha misuli, zile nene zilizovikwa utando wa mafuta uitwao mayelini, zinakimbia zaidi: mita 50 hadi 70 kwa sekunde ni kawaida. Zile nyembamba zisizo na utando, zinazoleta maumivu ya kuchoma na kuvuta, huenda kama mita moja tu kwa sekunde. Ndiyo maana ukijikwaa kidole maumivu huja mara mbili, kwanza lile kali la haraka, kisha lile zito linalokaa.

Jicho lenyewe nalo lina ucheleweshaji wake. Mwanga ukigonga retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haugeuki ishara papo hapo; lazima upite kwenye mfululizo wa mabadiliko ya kikemia ndani ya seli, na hayo hula makumi ya milisekunde (milisekunde 1000 ndiyo sekunde moja). Sikio ni jepesi zaidi, kwa sababu vinyweleo vya seli zake vikitikiswa tu, milango ya umeme inafunguka moja kwa moja. Sauti hufika kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la juu, kwa milisekunde 10 hadi 20, wakati picha huchukua kama 50 au 60 kufika kisogoni, ambako ndiko gamba la kuonea lilipo. Hapo utaelewa kwa nini wakimbiaji wanaanzishwa kwa mlio wa bastola. Usain Bolt alipoweka rekodi ya sekunde 9.58 kule Berlin mwaka 2009, aliondoka sekunde 0.146 baada ya mlio. Sheria ya riadha inahesabu kwamba anayeondoka chini ya sekunde 0.100 hakuusikia mlio, aliubahatisha. Mwaka 2022 kule Eugene, Marekani, Devon Allen alitolewa kwenye fainali ya mita 110 kuruka viunzi kwa kuondoka kwa sekunde 0.099. Kwako wewe, sauti ya mguu kugonga mpira haisaidii kitu: inachukua milisekunde 32 kuvuka mita 11, na ikifika haikwambii upande.

Baada ya kisogo, habari ya kile ulichokiona inagawanyika njia mbili. Moja inashuka kuelekea upande wa masikio, na kazi yake ni kutambua: huyu ni fulani, ile ni jezi namba 10. Nyingine inapanda kuelekea utosini, na kazi yake ni kuuongoza mwili: kitu kiko wapi, kinakwenda wapi, mkono ufungukeje kukipokea. Mgawanyo huu ulionekana wazi kwa mwanamke mmoja anayejulikana kwenye maandishi ya kitabibu kwa herufi D.F., aliyepata sumu ya kaboni monoksidi mwaka 1988. Melvyn Goodale na David Milner walimfanyia vipimo. Ukimwonyesha upenyo mwembamba kama ule wa sanduku la barua na kumuuliza umelala au umesimama, hawezi kusema. Ukimpa kadi na kumwambia aiingize, mkono wake unaigeuza kadi sawasawa na kuipitisha. Macho yake yalikuwa yanauongoza mkono kwa habari ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuieleza. (Na kwa kuwa nimeitaja sumu hiyo: ni ileile inayotoka kwenye jiko la mkaa. Usilale nalo ndani hata siku za baridi. Nawaambia wanafunzi wangu kila mwaka na bado tunazika watu.)

Kwa kipa, njia ya utosini ndiyo inayofanya kazi. Unaposema "nauona mpira lakini mwili hauondoki", unachoeleza ni ule muda ambao kuona kwa kutambua na kuona kwa kutenda havijakutana bado na misuli. Kutoka juu ya ubongo hadi misuli ya miguu ishara hutumia kama milisekunde 30. Ikifika, neva inamwaga kemikali iitwayo asetilikolini, msuli unaamka, ulegevu wa kano unakazwa, na milisekunde nyingine 30 hadi 50 zinapita kabla hujapata nguvu ya kukusukuma. Safari hizo, ya kupanda na ya kushuka, zinameza zaidi ya nusu ya ile 0.2, na kwa mtu mzima mwenye afya hazibadiliki kiasi cha maana. Neva za Ronwen Williams, aliyepangua penalti nne za Cape Verde katika robo fainali ya AFCON mwezi Februari 2024, hazina mwendo wa ajabu kuliko za kwako. Sehemu inayobadilika ni iliyobaki katikati: kuamua, na kuandaa.

Hapa naomba unisome taratibu, maana ndipo penye jibu lako.

Watu wengi hudhani mambo huenda kwa foleni: kwanza unaona, kisha unaamua, kisha ubongo unaanza kuandaa mwendo. Si hivyo. Mwaka 1976 Jun Tanji na Edward Evarts walichapisha majaribio ya nyani waliofundishwa kusukuma au kuvuta mpini. Taa ilimwambia nyani atakachofanya, lakini alipaswa kutulia hadi apewe amri nyingine ya kuanza. Katika muda huo wa kutulia, mkono ukiwa kimya, seli za gamba la kuendesha misuli zilikuwa tayari zimebadilika, baadhi kwa kusukuma, nyingine kwa kuvuta. Mwendo ulikuwa umekwisha kuandaliwa, umewekwa, unasubiri. Mwaka 2005 Paul Cisek na John Kalaska, wakifanya kazi Montréal, walikwenda mbele zaidi. Walimpa nyani shabaha mbili zinazowezekana bila kumwambia ipi. Kwenye sehemu ya ubongo iliyo mbele ya gamba la misuli wakakuta mipango yote miwili iko hai kwa wakati mmoja. Alama ilipotolewa kuonyesha shabaha sahihi, mpango mmoja ulikua na mwingine ukafifia.

Jiweke mstarini sasa. Wakati mpigaji anaweka mpira, ndani ya kichwa chako kuna "kuruka kushoto" na "kuruka kulia", vyote viwili vimeanza kupikwa. Kinachofanya kazi usiku na mchana ni kuvizuia visitoke. Kazi hiyo ya kuzuia iko kwenye mafundo ya seli yaliyo ndani kabisa ya ubongo, yanayoitwa beza ganglia. Ni kama lori lililosimama mlimani likiwa kwenye gia, injini inaunguruma, breki ya mkono imevutwa: kuondoka ni kuachia breki tu. Kemikali iitwayo dopamini husaidia breki hiyo iachie kwa mpango unaotakiwa na ibaki imekaza kwa mingine. Mgonjwa wa Pakinsoni, ambaye seli zake nyingi za kutengeneza dopamini zimekufa, anajua anataka kuinuka kitini na misuli yake ina nguvu, lakini kuanza kwenyewe kunamshinda.

Kwamba mwendo ulioandaliwa hukaa tayari hivyo, kuna ushahidi mmoja ninaoupenda sana. Mwaka 1999 Josep Valls-Solé, mtafiti wa Hispania, na wenzake waliwaambia watu wajiandae kufanya mwendo fulani pindi waonapo ishara. Kisha, pamoja na ishara hiyo, wakawapigia mlio mkali wa kushtua. Mwendo uleule, kwa mpangilio uleule wa misuli, ulitoka kwa chini ya milisekunde 100. Mshtuko uliufungulia tu. Faida yake unaiona, na hatari yake pia: kipa aliyekwisha kujiandaa kikamilifu kwa upande mmoja anaweza kufunguliwa na kitu kisichohusika. Kwa maoni yangu hii ni sehemu kubwa ya siri ya wapigaji wanaokuja kwa kusitasita. Sheria inawaruhusu kudanganya wakati wa kukimbilia mpira, ingawa hairuhusu kudanganya kupiga baada ya mbio kuisha. Kile kisito kinaufungulia mpango uliokwisha iva, wewe unaondoka, yeye anaangalia umekwenda wapi.

Na ukishaondoka, kwa nini hurudi? Kusimamisha tendo ni kazi nyingine ya ubongo yenye muda wake. Gordon Logan na William Cowan waliweka msingi wa kuupima mwaka 1984, na kwa vijana wenye afya huwa karibu na milisekunde 200. Ndani ya muda huo, amri iliyokwisha kutoka inaendelea kutekelezwa hata kama macho yamekwisha kuona kwamba ni kosa. Sepp Maier wa Ujerumani Magharibi yalimkuta kwenye fainali ya Ulaya ya mwaka 1976 mjini Belgrade: aliondoka kushoto, na Antonín Panenka akaudokoa mpira katikati taratibu. Hakuna mafunzo ambayo yangemrudisha Maier. Kwa hiyo ukiwa hewani ukauona mpira unapita upande wa pili, usijilaumu kwamba hukufikiri. Ulifikiri, ila amri ya kuzuia ilichelewa.

Kuna kitu kimoja lakini kinachoweza kurudi, nacho ni mkono. Mwaka 1986 Goodale, pamoja na Denis Pélisson na Claude Prablanc, waliwapa watu kazi ya kuelekeza kidole kwenye taa gizani. Jicho lilipokuwa linaruka kuelekea taa, taa ikasogezwa kidogo. Watu hawakugundua kwamba imesogea, lakini mkono uliisahihisha njia yake katikati ya mwendo na kufika ilipohamia. Mkono ulio njiani unaweza kupokea sahihisho la macho ndani ya milisekunde 100 na ushee, bila kusubiri ruhusa ya fahamu. Miguu iliyokwisha achana na ardhi haina cha kusukuma, mkono bado una nafasi. Ukiwatazama makipa wakubwa utaona wakiruka hawafungi mkono wa juu. Wanauacha huru, na mara nyingi ndio unaorudi kudaka mpira uliopigwa katikati. Mguu wa nyuma nao hubaki umenyooshwa kwa sababu hiyohiyo. Fanya mazoezi ya hilo makusudi.

Sasa turudi kwenye robo sekunde unayodaiwa, maana kuna jambo ambalo nadhani hakuna aliyekuambia. Mpigaji naye ana ubongo, na ubongo wake una ucheleweshaji uleule. Akitaka kukuangalia na kubadili upande, lazima akuone ukisogea, ishara ipande, mpango mwingine ukue, mguu upokee amri mpya. Hawezi kufanya hivyo katika sekunde 0.2 za mwisho kabla ya kugusa mpira. Akijaribu, atapiga vibaya. Ukiondoka mapema kuliko hapo, unampa habari anayoweza kuitumia. Ukiondoka ndani ya hizo 0.2, ameshafungwa na mpango wake mwenyewe, na wewe umepunguza deni lako karibu lote. Huo ndio upenyo niliokuambia. Kocha anaposema subiri, anakulinda usiondoke kabla ya upenyo kufunguka. Mwili wako unapokusukuma uwahi, unahofia upenyo huo usije ukafungwa kabla hujaondoka.

Bado inabaki kujua upande gani. Ndani ya muda huo mpira haujaguswa, kwa hiyo habari lazima itoke kwenye mwili wa mpigaji. Mwaka 2002 Geert Savelsbergh na wenzake waliwaonyesha makipa wazoefu na wasio wazoefu filamu za wapigaji penalti, wakafuatilia macho yao yanapotua. Wasio wazoefu waliruka na macho huku na huku, kwenye kifua, mikono na nyonga. Wazoefu walitulia mahali pachache kwa muda mrefu zaidi, hasa kwenye miguu na eneo la mpira, na walichelewa zaidi kuanza kusogea. Walichelewa na wakapatia zaidi. Mguu wa kuzingatia ni ule wa kusimamia, unaotua pembeni mwa mpira; ncha yake mara nyingi inaelekea uelekeo wa mkwaju. Unatua kama sehemu ya kumi ya sekunde hivi kabla ya mpira kuguswa, kwa hiyo usiutegemee peke yake kuanzisha mwendo. Pembe ya mbio zake na namna anavyofungua nyonga vinauelemeza mpango mmoja kidogo. Mguu wa kusimamia unakuja kuuthibitisha, au kuupa mkono nafasi ya kujisahihisha.

Kumjua mpigaji kabla ya mechi kunasaidia kwa njia hiyohiyo. William Hick alionyesha mwaka 1952 kwamba muda wa kuitikia hukua kadiri machaguo yanavyoongezeka, na watafiti waliofuata wakaonyesha kwamba jambo unalolitegemea zaidi huitikiwa haraka zaidi. Kwenye Kombe la Dunia la 2006 Jens Lehmann wa Ujerumani aliingia kwenye mikwaju dhidi ya Argentina akiwa na kikaratasi ndani ya soksi, kimeandikwa wapigaji na pande wanazopenda. Alipangua miwili. Wewe huna timu ya wachambuzi, lakini ligi ya mtaa ina wapigaji walewale kila msimu. Andika.

Tena usisahau katikati. Michael Bar-Eli na wenzake huko Israeli walichambua penalti 286 na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Karibu asilimia 29 zilipigwa katikati, lakini makipa walibaki katikati asilimia 6 tu ya mara zote. Kipa anayefungwa akiwa amesimama huonekana mvivu, anayefungwa akiwa ameruka huonekana amepambana, na aibu hiyo inaingia kwenye hesabu za ubongo kama kitu kingine chochote. Ongea na kocha wako mkubaliane mapema kwamba kusimama ni uamuzi halali, ili usiogope macho ya watu.

Kuhusu dawa: hakuna. Naomba uniamini kwa hili, kwa sababu wanaokuuzia wanajua kijana anayetaka kudaka atanunua. Vitamini B12 inahitajika kutunza ule utando wa mayelini, lakini inamsaidia aliyepungukiwa. Anayekula vizuri hapati kasi ya ziada. Kahawa au chai huchangamsha kidogo. Vichangamsho vikali kama amfetamini vimepigwa marufuku michezoni na vinaweza kukuharibia moyo. Kinachopunguza kasi yako kweli ni kukosa usingizi, pombe, na mwili wa baridi, maana neva iliyopoa hupitisha ishara polepole. Lala, na upashe misuli moto hadi mikononi, pamoja na wakati unaposubiri mikwaju baada ya dakika 120.

Kama bado una wasiwasi kwamba wewe ni mzito, jipime. Mwenzako ashike rula ya sentimita 30 ining'inie, alama ya sifuri iwe kati ya dole gumba na kidole chako bila kukigusa. Aiachie bila kukuambia, wewe uibane. Ukiikamata kwenye sentimita 15, umetumia sekunde 0.175, sentimita 20 ni 0.20, sentimita 30 ni 0.25. Rudia mara nyingi uchukue wastani. Kisha fumba macho, na aseme "twende" palepale anapoachia. Wengi huikamata mapema zaidi, na hapo utakuwa umeipima tofauti ya sikio na jicho kwa vidole vyako mwenyewe. Halafu shika mikono yote miwili tayari, rula mbili, usijue itaachiwa ipi. Utaona sentimita zinavyoongezeka. Hiyo nyongeza ndiyo gharama ya kuchagua, na hiyo ndiyo ambayo mazoezi yanaweza kuipunguza, kwa sababu ubongo wa nyuma, serebela, hujifunza kwa makosa yanayorudiwa. Sehemu hiyo ni kama moja ya kumi ya uzito wa ubongo tu, lakini ina seli za neva bilioni 69 kati ya bilioni 86 zote. Inajifunza kutokana na kile unachoifanyisha, kwa hiyo pigiwa na watu halisi wanaokimbia na kudanganya. Kudaka mipira ya kurushiwa kwa mkono hakutoshi.

Mwisho, tumia simu. Iweke pembeni mwa goli, mahali inapowaona wewe na mpigaji kwa pamoja, irekodi picha 60 kwa sekunde. Kila picha ni kama milisekunde 17. Tafuta picha ambayo mguu wake unagusa mpira, kisha rudi nyuma ukihesabu hadi picha unayoanza kusukuma ardhi. Unataka iangukie kati ya picha ya 12 na ya 6 kabla ya mguso, huku sehemu ya mguu wako mmoja ikibaki kwenye mstari kama sheria inavyotaka tangu 2019. Ukikuta uko picha ya 20 au zaidi, mpigaji anakusoma. Ukikuta umeondoka baada ya mguso, zile za pembeni zimekwisha kwenda, isipokuwa zilizopigwa polepole. Pembeni ya kila hesabu andika macho yako yalikuwa wapi mbio zilipoanza. Fanya hivyo kwa mazoezi ya mwezi mmoja, umwonyeshe kocha, kisha uniandikie tena ukinipa namba zako.